Majani Kwanza, Ng'ombe Baadaye: Kuchagua Mbari ya Ng'ombe wa Maziwa Mlimani na Tambarare

Mwananchi anayetaka kuanza kufuga ng'ombe wa maziwa kwa kawaida huuliza ni mbari ipi inayotoa lita nyingi. Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: mnyama huyo atakula nini mwezi Septemba, tambarare ikiwa imekauka na kila jirani akitafuta majani yale yale? Wengi waliopoteza ng'ombe aliyenunuliwa kwa akiba ya miaka, au kwa mkopo, walianza kujiuliza hivyo baada ya mnyama kufika bandani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa siku moja ng'ombe hula chakula ambacho uzito wake, kikikaushwa, hukaribia asilimia 3 ya uzito wa mwili wake. Mtamba chotara wa kilo 350 anahitaji basi kilo 10 hivi za chakula kikavu. Majani mabichi ya tembo yana maji kwa takriban sehemu nne katika tano. Kwa hiyo kilo hizo 10 ni sawa na kilo 50 za majani yaliyokatwa, yaani mizigo miwili ya kichwani ya kilo 25. Friesian halisi wa kilo 550 hufikisha kilo 80, mizigo zaidi ya mitatu, kila siku, Jumapili ikiwemo. Mara nyingi mbebaji ni mama wa nyumba au mtoto aliyetoka shule, na yafaa naye aulizwe kabla ya fedha kutolewa. Maji nayo yahesabiwe: ng'ombe anayekamuliwa huweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku.

Katika Wilaya ya Hai, mkazi wa Machame atasema kwamba ana migomba. Ni kweli kwamba tangu zamani Wachaga walifuga ng'ombe ndani, wakawalisha migomba na majani ya kupandishwa kutoka tambarare, na samadi ikarudi kihambani. Lakini shina la mgomba ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Hushibisha tumbo, halijazi kiwele. Anayelitegemea apande kwanza majani ya tembo au guatemala kwenye kingo za matuta, pamoja na lukina au desmodiamu kwa ajili ya protini, miezi kadhaa kabla ya kununua.

Majani yakishahesabiwa, mbari karibu hujichagua yenyewe. Friesian, mwenye asili ya Uholanzi, hutoa maziwa mengi kuliko wote akilishwa kikamilifu. Asipolishwa hukonda, hachukui mimba kwa wakati, na maziwa hupungua hadi yasilipe pumba. Jersey ana kilo 350 hadi 450 tu, na maziwa yake yana mafuta karibu asilimia 5. Ayrshire yuko katikati yao. Kwa kihamba kidogo cha mlimani, Jersey au chotara wake ndiye wa kuanzia, hata kama ndoo ya jirani mwenye Friesian itaonekana imejaa zaidi.

Kwa mkazi wa Rundugai na maeneo mengine ya joto, hali ni nyingine. Huko adui ni kupe anayeeneza ndigana kali. Ng'ombe aliyekulia bandani mlimani bila kukutana na kupe hana kinga, na akishushwa tambarare anaweza kufa katika wiki chache. Dalili ni homa, tezi za chini ya sikio na begani kuvimba, kukohoa na kuhema kwa shida; afisa mifugo aitwe siku ya homa, asisubiriwe mnyama alale. Ipo chanjo ya ndigana kali inayotolewa mara moja, lakini kuogesha kuendelee, kwa sababu kupe huleta pia ndigana baridi na mkojo mwekundu. Kwa tambarare anafaa chotara mwenye nusu ya damu ya Zebu, au ng'ombe wa Mpwapwa, aliyezalishwa katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa mkoani Dodoma kwa ajili ya maziwa na nyama katika nchi kavu.

Mtamba asinunuliwe mnadani, kwani aghalabu ng'ombe wa maziwa anayepelekwa huko ana sababu ya kuuzwa. Mnunuzi aende nyumbani kwa mfugaji, amwone mama akikamuliwa, aulize kumbukumbu za chanjo, na ahakikishe mnyama amepimwa ugonjwa wa kutupa mimba. Kibali cha kusafirisha kichukuliwe kabla ya safari.

Jambo moja husahauliwa wakati wa uhimilishaji. Chotara wa nusu akipandishwa kwa mbegu ya Friesian, ndama atakuwa na robo tatu za damu hiyo, na mjukuu atazidi. Kila kizazi hudai majani zaidi na huvumilia joto kidogo zaidi, ilhali shamba ni lile lile. Mfugaji amtajie mhimilishaji mbari anayoitaka, naye aiandike daftarini. Joto likionekana asubuhi, ng'ombe apandishwe jioni ile. Likionekana jioni, apandishwe asubuhi inayofuata. Asiposhika mimba, joto litarudi baada ya siku 21 hivi.