Pakiti Moja Imepungua

Ndugu msomaji, soma habari hii polepole. Ukiweza, soma pamoja na wenzako. Muwe na kalamu na karatasi.

Tuseme uko katika kijiji kimoja cha milimani, Mbinga. Akina mama wa kijiji hicho wana kikundi chao. Wanakaanga kahawa ya mashamba yao, wanaitwanga, kisha wanaifunga katika pakiti za kilo moja moja. Leo wana pakiti tisa. Mwenye duka anazisubiri Songea, na gari litaondoka muda si mrefu.

Mara mama mmoja anasema, "Jamani, kuna pakiti moja sikumaliza kuijaza. Mtoto alilia, nikaenda. Niliporudi nikakuta zote zimeshafungwa."

Ni ipi? Hakuna ajuaye. Pakiti zote zinafanana. Ukiziinua kwa mkono huoni tofauti.

Jambo hili si dogo. Mnunuzi akipata pakiti pungufu, hatasema ni kosa la mtoto aliyelia. Atasema kikundi kizima ni wapunjaji. Kuzifungua zote nako ni hasara, kwa sababu karatasi zitachanika. Mizani ya saa, ile ya kuning'iniza, imeazimwa. Iliyobaki ni mizani ya zamani ya vitanga viwili, na mawe yake yamepotea.

Je, mizani isiyo na mawe inafaa kitu? Inafaa. Haiwezi kukuambia kilo ngapi. Lakini inaweza kukuambia kipi ni kizito kuliko kipi, na leo hilo linatosha.

Sasa weka kitabu chini, ufikiri kidogo. Utapima mara ngapi mpaka uipate pakiti hiyo?

Watu wengi hupima pakiti moja kwa moja. Ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, hivyo hivyo. Ukiwa na bahati utaipata mara ya kwanza. Ukikosa bahati utapima mara nne. Njia hii si mbaya, ila ni ndefu.

Wengine hugawa nusu kwa nusu. Wanaweka pakiti nne huku na nne kule, moja wanaiacha. Upande mwepesi wanaugawa tena, mbili kwa mbili, halafu moja kwa moja. Hizo ni mara tatu.

Iko njia ya kupima mara mbili tu. Kwanza andika namba juu ya pakiti, 1 mpaka 9, ili zisichanganyike. (Hapo ndipo utaona faida ya kalamu.) Kisha zigawe katika mafungu matatu:

1, 2, 3
4, 5, 6
7, 8, 9

Weka fungu la kwanza katika kitanga cha kushoto, na fungu la pili katika kitanga cha kulia. Fungu la tatu liache mezani. Kitanga cha kushoto kikipanda juu, pakiti pungufu imo katika fungu la kwanza. Cha kulia kikipanda, imo katika fungu la pili. Vikilingana, imo katika fungu la tatu, ingawa fungu hilo hukuligusa.

Tuseme vitanga vimelingana. Basi zimebaki tatu: 7, 8 na 9. Weka 7 kushoto na 8 kulia. Itakayopanda ndiyo. Zikilingana, ni 9. Kazi imekwisha, na gari bado lipo.

Kwa nini kugawa mara tatu kunashinda kugawa nusu? Kwa sababu mizani ina majibu matatu: kushoto, kulia, au sawa. Anayegawa nusu analisahau jibu la "sawa". Wengi wetu huona kwamba mizani ikilingana haijasema kitu. Kumbe imesema mengi.

Tushuke sasa mpaka ziwani. Pwani ya Mbamba Bay na Liuli zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Sasa ni Wilaya ya Nyasa. Huko mfanyabiashara ana mifuko 27 ya usipa mkavu, na mmoja ni mwepesi. Atapima mara ngapi? Mara tatu tu. Kwanza tisa kwa tisa, kisha tatu kwa tatu, kisha moja kwa moja. Mifuko 81 ingehitaji mara nne.

Lakini angalia! Haya yote ni kweli kama mizani yenyewe ni ya kweli. Mizani ya vitanga inaweza kusimama sawa ikiwa tupu, na bado ikadanganya, kwa sababu mkono wake mmoja ni mrefu kuliko wa pili. Kuijaribu ni rahisi. Kitanga cha kulia kikishuka, badilisha mizigo: ya kulia peleka kushoto, ya kushoto peleka kulia. Kama sasa kinashuka cha kushoto, mzigo ndio mzito. Kama kinashuka kile kile cha kulia, mizani ina kasoro.

Mizani ya saa nayo ina kipimo chake. Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja. Ning'iniza ndoo tupu, soma mshale. Tia lita kumi za maji, soma tena. Mshale uwe umeongezeka kilo kumi. Ukipungua, mkulima anayepima kahawa yake hapo anapunjwa. Mizani za biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, ulioanza kazi mwaka 2002. Unayo haki ya kuuliza alama ya ukaguzi iko wapi.

Turudi kwenye pakiti. Tuseme zipo nne, moja ina kasoro, lakini hujui ni nyepesi au nzito. Pima 1 na 2. Zikilingana, hizo ni nzuri. Basi pima 1 na 3. Zikilingana, mbaya ni 4. Zisipolingana, mbaya ni 3. Je, 1 na 2 zisipolingana mwanzoni? Hapo 3 na 4 ni nzuri. Pima 1 na 3. Zikilingana, mbaya ni 2. Zisipolingana, mbaya ni 1.

Fumbo la mwisho ni gumu. Mafumbo ya namna hii yalichapishwa Marekani mwaka 1945, na hata wataalamu wa hesabu waliumiza vichwa. Pakiti ni 12. Moja ina kasoro, hujui ni nyepesi au nzito. Ipate kwa kupima mara tatu.

Anza hivi: 1, 2, 3, 4 kushoto, 5, 6, 7, 8 kulia. Vikilingana, zimebaki nne, na njia yake umekwisha isoma. Kitanga cha kushoto kikishuka, pima mara ya pili: 1, 2, 5 kushoto, 3, 4, 6 kulia. Pakiti 7 na 8 ziache.

MASWALI

1. Baada ya kupima huko mara ya pili, kitanga cha kushoto kimeshuka tena. Pakiti zipi tatu zinashukiwa? Mara ya tatu utapima zipi?

2. Kama mara ya pili vitanga vimelingana, je?

3. Tafuteni fimbo iliyonyooka, kamba na vikapu viwili vinavyolingana. Tengenezeni mizani darasani. Ijaribuni kwa kubadilisha mizigo.