Mama Mjamzito, Usidharau Homa ya Mafua

UKISAFIRI kwa basi kutoka Nairobi kwenda Mombasa, utapita Salama, katika Kaunti ya Makueni. Hapo madereva wa malori husimama kula na kupumzika, na abiria hushuka kunyoosha miguu, wengine wakikohoa. Mama anayewauzia chai huenda akawa na mimba ya miezi saba. Je, yumo hatarini?

Ndiyo. Homa ya mafua huenezwa na matone madogo yanayotoka mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya, na hufuata njia za wasafiri. Mwaka wa 1918 ugonjwa huu uliingia Mombasa kwa meli, ukapanda bara kwa reli, ile ipitayo Kima na Sultan Hamud. Leo unasafiri kwa matatu, basi na ndege.

Si mafua ya kawaida

Mafua ya kawaida huanza polepole, pua ikitiririka, nawe huendelea na kazi. Homa ya mafua hukushika ghafla: mwili huwaka moto, kichwa na viungo huuma, kikohozi kikavu huanza, nawe huishiwa nguvu. Lakini malaria pia huleta homa. Kwa hivyo usikisie, nenda ukapimwe.

Kwa nini mjamzito?

Mimba inapokua, tumbo husukuma mapafu juu na kupunguza nafasi ya kupumua. Moyo nao hufanya kazi zaidi, na kinga ya mwili hubadilika ili impokee mtoto. Virusi vikiingia, ni rahisi kwa mama kupata nimonia. Mtoto naye anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo.

Mlipuko wa mwaka wa 2009 ulionyesha jambo hili wazi. Nchini Marekani, wajawazito walikuwa kama mtu 1 katika kila watu 100, lakini katika kila vifo 100 vya ugonjwa huo, karibu 5 vilikuwa vya wajawazito.

Sindano moja, watu wawili

Mwaka wa 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba, nchi zinapotoa chanjo ya mafua, wajawazito wafikiriwe kwanza. Sababu si mama peke yake. Mtoto wa chini ya miezi 6 hawezi kupewa chanjo hii. Kinga yake hutoka kwa mama, kupitia kondo la nyuma. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 kutoka Afrika Kusini ulionyesha kwamba chanjo ilipunguza ugonjwa huu kwa karibu nusu, kwa akina mama na kwa watoto wao wachanga.

Wengine huogopa kwamba sindano itawaletea mafua. Haiwezi, kwa kuwa virusi vilivyomo vimeuawa. Mkono unaweza kuuma, au ukasikia homa kidogo kwa siku moja au mbili. Chanjo hutolewa katika mwezi wowote wa mimba, na kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka. Kwa sababu virusi hubadilika, ni lazima uchanjwe upya katika kila mimba. Chanjo ya kupuliziwa puani haifai kwa mjamzito, kwa kuwa virusi vyake ni hai.

Katika kliniki wengi wamezoea sindano ya pepopunda. Usidhani kwamba hiyo inakinga mafua pia. Muulize muuguzi kuhusu chanjo ya mafua. Huenda ikabidi uilipie katika hospitali ya kibinafsi. Baba, hesabu gharama hiyo pamoja na nguo za mtoto.

Ukiugua

Usingoje nyumbani. Dawa za kupambana na virusi hivi husaidia zaidi zikianzwa katika siku 2 za kwanza. Paracetamol hupunguza homa, lakini usijinunulie aspirini wala viuavijasumu dukani. Kunywa maji kwa wingi na upumzike.

Kimbia hospitalini ukishindwa kupumua vizuri, kifua kikiuma, ukichanganyikiwa, homa isiposhuka, au mtoto akipunguza kucheza tumboni.

Kumbuka: nawa mikono kwa sabuni, fungua madirisha ya gari, na ukae mbali na anayekohoa. Kliniki yako ijayo, usitoke kabla ya kuuliza.