Umetundika daluga? Anza na karatasi

Hapa Kigoma-Ujiji hukosi kumjua mtu aliyeng'ara UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, akaingia chuo, kisha timu ikamchukua kabla hajamaliza. Mimi ni mmoja wao. Niliondoka mwaka wa pili, nikacheza mpaka goti likagoma, na sasa naimalizia shahada kupitia Chuo Kikuu Huria, chenye kituo cha mkoa hapa hapa.

Kuondoka si aibu. Mcheza kikapu wetu Hasheem Thabeet aliaga Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2009 akiwa amecheza misimu mitatu, akachaguliwa wa pili kuingia NBA. Ila sisi wa ligi za huku hatukupata fedha za kutufanya tukisahau chuo.

Kabla ya kununua hata daftari, kiombe chuo chako cha zamani matokeo ya mihula uliyomaliza, pamoja na barua inayoeleza uliondokaje. Kuahirisha masomo na kuyaacha ni mambo mawili tofauti, na aliyeondoka kimya kimya asishangae kukuta ameandikwa ameacha. Cheti cha kidato cha nne kikiwa kimepotelea kambini, chukua ripoti ya upotevu polisi, kisha wasiliana na Baraza la Mitihani (NECTA) ukiwa na namba yako ya mtihani.

Ukishapata matokeo, uliza unakokwenda ni masomo gani yatahesabiwa, na jibu lije kwa maandishi. Mchezaji aliyewahi kuahidiwa fedha za usajili kwa mdomo hahitaji kuelezwa sababu.

Halafu Bodi ya Mikopo. Kama ulisoma kwa mkopo, deni halikufutika ulipoacha chuo. Omba taarifa ya deni mapema, maana ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi.

Kuhusu muda, kila mtu na kazi yake. Mimi nanunua dagaa mwalo wa Kibirizi. Wavuvi wanavua kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika nami nasoma. Ratiba yangu naipanga kwa mwezi wa angani, na sijaona iliyo bora zaidi kwa mtu wa mwaloni.

Chuo Kikuu Huria kina utaratibu wa mwanafunzi kuomba mtihani akijiona yuko tayari. Wengi wanausifu. Kwetu wanamichezo una mtego: tumezoea ligi itupangie mechi na kocha atuamshe alfajiri. Hakuna atakayekuamsha. Mimi huchagua tarehe, nikamtajia mke wangu, basi. Kuahirisha mbele yake ni kugumu kuliko kumdanganya kocha.

Ndugu yangu wa Gungu, Mwanga au Ujiji uliyekatisha masomo, andika hiyo barua ya kuomba matokeo wiki hii. Ada usilipe hata shilingi mpaka ujibiwe.