Shule Ikifungwa, Nyumba Ifundishe

Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona. Watoto wa shule za msingi walikaa nyumbani hadi tarehe 29 Juni. Kwa muda huo, mtoto aliyeanza tu kuunganisha silabi huweza kuzisahau. Jambo hilo likitokea tena, tufanye hivi:

1. Kusoma. Asome kwa sauti robo saa kila siku. Hata mzazi asiyejua kusoma amsikilize, kisha amwulize, "Umesoma habari gani?"

2. Hesabu. Tupime chumvi yetu ya Ivuna. Makopo mangapi hujaza debe? Tuseme kopo ni shilingi 500. Debe ni shilingi ngapi?

3. Kuandika. Asimuliwe na wazee habari za kimondo kilichoanguka hapa kwetu mwaka 1938, kisha aziandike. Daftari likiisha, vumbi la uani ni ubao na kijiti ni chaki.

Tena tuangalie: binti asibebeshwe kuni, maji na watoto wadogo huku kaka yake akisoma. Binti aliyeacha daftari miezi mitatu, ni rahisi aliache kabisa. Tugawe kazi, wote wapate kusoma.

Kila jioni tujiulize: leo mtoto wetu amejifunza nini?