Kifua Kikuu Kinapojificha kwa Mgonjwa wa Figo

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ndugu msomaji, sina nia ya kukuchosha kwa methali, lakini hii inafaa sana tukitaja kifua kikuu, yaani tibii, kwa mtu ambaye figo zake zimeshindwa na anaishi kwa kusafishwa damu.

Mgonjwa kama huyo huunganishwa na mashini mara mbili au tatu kwa wiki, yapata saa nne kila mara. Damu hutoka, hupita kwenye chujio, kisha hurudi mwilini. Mashini huondoa uchafu na maji, lakini kinga ya mwili hairudishi. Kinga ikidhoofika, viini vya tibii vilivyolala miaka mingi huamka. Tena wagonjwa hukaa chumba kimoja saa hizo zote. Mmoja akikohoa, wenzake wamo hatarini.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Dalili tulizofundishwa katika Biolojia ni zipi? Kikohozi kisichoisha, homa, jasho la usiku, kukosa hamu ya chakula na kukonda. Mjomba wangu alikuwa akichoka na kusukuma sahani kando tangu figo zilipomshinda, kabla hata ya habari ya tibii. Utajuaje kipi ni kipi? Hata kukonda hakuonekani upesi: nyama zinapungua, maji yanajaa, na mizani inasema kilo ni zile zile! Ndiyo maana muuguzi akimwuliza, "Mzee, suruali inakukaa vipi siku hizi?" hafanyi mzaha.

Kuna kipimo cha ngozi. Mtu hudungwa dawa kidogo mkononi na uvimbe hupimwa baada ya siku mbili au tatu. Lakini uvimbe huo ni kazi ya kinga. Kinga ikiwa hoi, ngozi haivimbi hata kama viini vimo tele. Kipimo cha damu ni afadhali kidogo, ila nacho hakitofautishi viini vilivyolala na vilivyoamka. Eksirei nayo huweza kudanganya, kwani maji yaliyojaa mapafuni hufanana na ugonjwa. Daktari huweza kuagiza maji yaondolewe kwanza, halafu picha ipigwe tena.

Shahidi wa kweli ni kiini chenyewe, ambacho Robert Koch alikitangaza mwaka wa 1882. Hadubini huhitaji viini vingi ndipo ivione. Mashini ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2010, hutoa jibu kwa saa mbili hivi. Kuotesha viini maabarani huchukua wiki kadhaa.

Lakini makohozi yenyewe yakiwa safi? Kwa wagonjwa wa figo tibii mara nyingi haiko mapafuni bali kwenye tezi au utando wa tumbo. Makohozi ya mjomba yalipimwa mara mbili, yakawa safi, nyumbani watu wakapumua. Homa ikakataa kuondoka. Ni sindano iliyochomwa kwenye tezi ya shingo iliyosema ukweli.

Sasa anameza dawa, ambazo katika hospitali za serikali hutolewa bure. Baadhi ya vidonge humeza akishatolewa kwenye mashini, maana akivimeza kabla, vitachujwa pamoja na uchafu.