Mtoto wa Kuasili: Je, Mmekubaliana?



Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hapa Lamu tunalijua jambo hilo. Juni 2014 Mpeketoni na vijiji vya jirani vilishambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa, wengi wao wanaume. Katika misiba ya namna hiyo, wajomba, shangazi na nyanya ndio hubeba watoto. Ni tendo jema. Lakini wema usio na utaratibu waweza kumwacha mtoto njia panda.

1. Kubalianeni kwanza

Tuseme mume analeta nyumbani mtoto wa marehemu kaka yake bila kuzungumza na mkewe. Mke ananyamaza kwa heshima, lakini moyoni anaumia. Baadaye uchungu huo humwangukia nani? Mtoto, ambaye hakuomba kuletwa.

Wengine hutafuta mtoto ili kuwanyamazisha wakwe wanaosema juu ya utasa. Mtoto si dawa ya aibu. Papa Yohane Paulo II, katika wosia wake wa kitume Familiaris Consortio wa 1981, aliwafundisha wanandoa wasiojaliwa kuzaa kwamba ndoa yao haipotezi thamani, na kwamba kuasili ni njia mojawapo ya kuitumikia uhai. Basi asiliwe kwa sababu anapendwa.

2. Jueni tofauti

Kulea kwa muda ni kumtunza mtoto mpaka wazazi wake wapate nafuu. Anabaki wa kwao. Kuasili ni kumfanya wenu kabisa kwa amri ya mahakama, na anarithi kama mliyemzaa. Majirani zetu Waislamu wana kafala: humlea mtoto bila kumbadili ukoo. Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua. Kwa hiyo mkimpokea mtoto wa jirani Mwislamu, msimbadilishe jina wala dini kimyakimya. Huo si uinjilishaji.

3. Fuateni sheria

Mkiokota mtoto aliyetupwa, msimfiche hata kama mmemwomba Mungu miaka kumi. Toeni taarifa polisi na kwa afisa wa watoto, maana huenda mama yake anamtafuta. Msitoe wala msipokee fedha kwa ajili ya mtoto. Hilo ni kosa la jinai.

Anayetaka kuasili huchunguzwa nyumbani kwake, hukaa na mtoto kwa muda, kisha ombi huenda Mahakama Kuu. Mahakama humteua mtu wa kumsemea mtoto. Kwa watu wa visiwani, safari hizo ni gharama. Lakini fikirini: baba akifa, ndugu wakaja kugawana shamba, mtoto asiye na karatasi atalazimika kuthibitisha mbele ya wakubwa kwamba alikuwa mwana wa nyumba ile. Nani atamsaidia?

4. Mlindeni nyumbani

Mtoto huletwa mjini "kusomeshwa", kumbe ni kuteka maji na kubeba watoto wa mwenye nyumba. Jiulizeni: anakula lini? Anakwenda shule kila siku? Analala wapi, na nani huingia humo? Aliyeasiliwa aambiwe ukweli mapema, kwa upole, na ninyi wenyewe. Akiusikia kisimani kutoka kwa watu, ataona mmemdanganya.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wawatembelee watoto hao. Mkiona mtoto anapigwa vibaya au kuharibiwa, msiseme ni mambo ya ndani ya familia. Simu ya 116 haina malipo. Aibu ya familia si nzito kuliko maumivu ya mtoto.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

(a) Je, kila mmoja wetu ameridhika kwa moyo wake, au mmoja amekubali tu?
(b) Watoto tuliowazaa tumewaeleza nini?
(c) Mtoto tunayemlea ana cheti cha kuzaliwa? Mmoja wetu akifa leo, hali yake itakuwaje?

Mtakatifu Yosefu hakumzaa Yesu. Alimpa jina, nyumba na ufundi, na usiku wa hatari akamchukua yeye na mama yake wakakimbilia Misri. Atuombee, ili watoto waliomo nyumbani mwetu wapate kwetu baba na mama wa kweli.