Tarishi Aliyegeuka Mkopeshaji: Majina ya Huduma za Simu Nchini Kenya

Makala haya yanadai kwamba mabadiliko ya dhima ya kampuni za simu nchini Kenya yanaweza kusomwa katika majina ya huduma zao, na kwamba majina hayo hayo hutia pazia jambo moja: deni.

Safaricom, iliyoasisiwa mwaka 1997 ikiwa tanzu ya Telkom Kenya, awali ilikuwa mithili ya tarishi. Iliuza muda wa maongezi, basi. Machi 2007 ilipozinduliwa M-Pesa, tarishi huyo alikabidhiwa mkoba. Ikumbukwe kuwa fedha za wateja huwekwa katika benki chini ya udhamini, wala kampuni haina ruhusa ya kuzikopesha. Ili kuingia katika mikopo, ilihitaji kushirikiana na benki. Ndivyo ilivyozaliwa M-Shwari mwaka 2012, kisha Fuliza Januari 2019. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2022, M-Pesa iliingiza zaidi ya shilingi bilioni 100 na kuyapita mapato ya sauti. Tarishi sasa anaishi kwa mkoba kuliko kwa salamu.

Tuyatazame majina. 'Shwari' ni utulivu wa bahari. 'Okoa Jahazi', huduma ya kukopa muda wa maongezi kwa ada ya asilimia 10, imejengwa juu ya nahau ya mabaharia. (Ajabu ni kuwa nahau hii imeshamiri hata bara, kwa watu wasiowahi kukanyaga sitaha.) Sitiari ya bahari humfanya mkopaji kuwa nahodha aliyepatwa na dhoruba, na mkopeshaji kuwa mwokozi. Maneno 'mkopo' na 'riba' hayamo.

Fuliza ndilo jina lenye utata zaidi. Maana yake ya msingi ni kufanya jambo mfululizo, bila kukoma. Kampuni ililiteua kwa kuwa huduma yenyewe humwezesha mteja kukamilisha malipo hata salio lisipotosha. Kisarufi ni kitenzi katika hali ya kuamrisha, lakini nani anamwamrisha nani? Mteja anadhani anaiamuru simu. Nasi tunaweza kulisoma kama agizo kwake mwenyewe: endelea kutumia, usisite. Aidha, kitenzi hiki kimefinyika kimaana. Kwa vijana wengi 'nimefuliza' ni 'nimekopa', na ile maana ya kamusi inawapasa kufundishwa darasani.

Jina pia humficha mkopeshaji. Fedha za Fuliza hutoka NCBA na KCB, ilhali kinywani mwa mteja anayetajwa ni Safaricom. Mwanafunzi asemapo 'nimefuliza nauli', hatamki deni wala benki. Na pesa zitakazoingia baadaye katika simu yake, ziwe za mzazi au za kibarua, zitakatwa kwanza kabla hajazigusa.